Wewe ni wa Nani? Kijana Atokaye Makaoni na Mpaka wa Miaka 18

Katika mtaa wa Mbotela, kando ya Barabara ya Jogoo mashariki mwa jiji la Nairobi, ni nadra kumwona kijana akihama kwao siku anapotimiza miaka 18. Nyumba zenyewe ni ndogo. Zilijengwa na baraza la jiji katika miaka ya 1950, na waliozichora hawakutazamia kwamba chumba kilichokusudiwa mfanyakazi na mkewe kingekuja kulea vizazi vitatu. Hata hivyo kijana haondoki. Anapokuwa mkubwa mno kulala nyuma ya pazia, kibanda cha mabati huungwa ubavuni mwa nyumba, naye akahamia humo. Chakula bado hula kwa mama yake. Akipata kibarua cha wiki mbili katika viwanda vilivyo ng'ambo ya reli, huchangia unga. Kibarua kikiisha, hurudi kulishwa bila ya yeyote kuitisha kikao. Ataishi hivyo hadi afikishe miaka 25, pengine 30, na majirani hawatamhesabu kuwa mtu aliyeshindwa na maisha. Ndivyo watu wanavyokua katika mitaa ya Eastlands, na aghalabu ndivyo wanavyokua katika Kenya nzima, mjini na mashambani.

Kijana aliyelelewa katika makao ya watoto hana ubavu wa nyumba wa kuunga kibanda. Yeye ndiye pekee ambaye jamii hii, isiyomhimiza mwanawe wa kumzaa aondoke, humwambia aondoke. Siku ya kutimiza miaka 18, au punde tu baada ya mtihani wa kidato cha nne, hufungasha nguo zake, hupewa godoro, blanketi, sufuria mbili tatu na fedha za kodi ya mwezi mmoja au miwili iwapo makao yenyewe yana uwezo, kisha lango hufungwa nyuma yake. Huelekea mahali ambapo chumba ni rahisi na kazi za mikono haziko mbali: Mbotela, Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, ambako mafundi wa jua kali wa Kamukunji na wachuuzi wa Gikomba hawaulizi shahada. Huko hupanga mojawapo ya vile vile vibanda vya mabati ambavyo wenzake hulala bila malipo kwa sababu ni vya kwao.

Sheria haikukusudia ukatili huu. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zote humtambua mtoto kuwa ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18, sawa na inavyosema Katiba ya 2010. Hapana ubaya katika hilo, kwani mpaka wa utoto hauna budi kuwekwa mahali. Ubaya u katika kuuchukua mpaka wa utoto kuwa ndio mpaka wa malezi. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 260, humwita kijana mtu aliyetimiza miaka 18 na asiyefikisha 35, na ibara ya 55 huiagiza serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, wapate ajira, na walindwe dhidi ya unyonyaji. Kwa muda wa miaka 17 nzima, basi, taifa linakiri kwamba mtu huyu angali anahitaji kushikwa mkono. Lakini mkono uliokuwa umemshika tayari ndio unaomwachilia siku ya kwanza ya miaka hiyo.

Hata lugha haijamtafutia jina. Kiswahili kina yatima, kina mtoto wa kambo, kina mlezi na kina kitenzi cha kuasili. Yatima haliwafai wengi wao, kwani imebainika mara kwa mara kuwa watoto wengi walio makaoni wana mzazi mmoja au jamaa aliye hai, nao waliletwa na umaskini, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani. Malezi ya kambo, istilahi inayotumiwa kwa malezi ya muda katika familia isiyo ya damu, ina harufu ya hadithi za mama wa kambo ambazo kila msomaji alizisikia utotoni. Na kwa yule ambaye malezi hayo yamemwishia hapana neno hata moja lililokubalika. Wenyewe wameunda chama chao nchini Kenya, kijulikanacho kwa kifupi kama KESCA, lakini afisini na mtaani kijana huyu bado huelezwa kwa sentensi nzima. Wataalamu wa istilahi wana kazi hapa, na si kazi ya anasa: asiye na jina ni vigumu kumtengea fungu katika bajeti.

Pigo la kwanza humfikia katika afisi ya usajili wa watu. Ombi la kitambulisho cha taifa hudai cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na uthibitisho wa chifu au naibu wake kwamba mwombaji ni mwenyeji wa mahali fulani. Kijana aliyezaliwa Mbotela hupita hapo bila jasho. Chifu anamjua mama yake, na wazee wa mtaa walihudhuria arusi ya shangazi yake. Kijana wa makao huulizwa swali ambalo Wakenya wote huulizana kwa nia njema wanapokutana, ambalo kwake huwa ukuta: Kwenu ni wapi? Wewe ni wa nani? Wapo waliookotwa wakiwa wachanga na kuandikishwa kwa jina walilopewa na mlezi wa zamu. Wapo walioletwa na polisi na faili iliyopotea. Wapo ambao cheti cha kifo cha mzazi hakikuwahi kutafutwa kwa sababu hapakuwa na aliyedhani kitahitajika. Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa katiba ililiona tatizo hili mapema: ibara ya 14 husema kwamba mtoto anayepatikana nchini akionekana kuwa chini ya miaka minane, na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Mtoto mchanga amepewa uraia kwa ukarimu huo. Miaka 18 baadaye karani humdai kitambulisho cha baba ambaye katiba yenyewe ilikiri kuwa hajulikani.

Asiye na kitambulisho huenda akadhaniwa kukosa kadi tu. Kwa hakika anakosa karibu kila kitu ambacho mkazi wa Nairobi hukitumia kati ya asubuhi na jioni. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 laini ndiyo mfuko wa fedha: mjenzi hulipa kibarua kwa simu, mwenye nyumba hulipwa kwa simu, hata muuza sukuma wiki ana nambari aliyoibandika kibandani. Bila kitambulisho hapana akaunti ya benki, hapana cheti cha mwenendo mwema ambacho kampuni za ulinzi hukitaka kabla ya kumwajiri askari wa lango, hapana kujiandikisha katika bima ya afya ya umma, hapana kura. Lango la kiwanda nalo huwa na mlinzi anayeshika kitambulisho cha kila anayeingia. Kijana huyo basi hutumia laini ya rafiki, mshahara wake huingia katika simu ya mtu mwingine, na siku rafiki anapokosa kodi yake mwenyewe, mshahara haufiki. Usiku, polisi wa doria wanapowasimamisha vijana kandokando ya Barabara ya Jogoo, jambo la kwanza ni kitambulisho. Mwenzake aliyesahau chake nyumbani humpigia mama simu. Yeye hana wa kumpigia.

Hapo ndipo kiini cha jambo lilipo. Watu wema wanapolizungumzia suala hili huhesabu vitu: karo, mtaji, chumba, cherehani, vifaa vya useremala. Vitu hivyo ni vya lazima, lakini vijana wengi wa Mbotela hawana mtaji wala cherehani na bado hawaangamii, kwa sababu kila mmoja ana watu watatu au wanne wanaolazimika kumjali hata wakiwa wamemchoka. Ajira nyingi za mjini hupatikana kwa mjomba anayemjua msimamizi. Mkopo wa masomo ya chuo kikuu hudai taarifa za wazazi na majina ya wadhamini. Hazina ya vijana iliyoanzishwa na serikali mwaka wa 2006 iliwatarajia waombaji wajiunge katika vikundi, na kikundi huundwa na watu waliokua pamoja na kuaminiana. Hata kulazwa hospitalini huulizwa jina la jamaa wa karibu. Misaada yote hii imejengwa juu ya dhana kwamba kila kijana ana ukoo nyuma yake, na ambaye hana hushindwa kuifikia hata ikiwa imetangazwa kwa ajili yake.

Kuna pia elimu ndogondogo ambayo haimo katika mtaala. Katika makao unga huja kwa magunia na mafuta kwa madebe. Chakula hupikwa jikoni kwa watoto 60 na kengele hulia. Mtoto aliyekulia mtaani hutumwa dukani tangu akiwa na miaka sita: mafuta ya kupima, nusu ya kabeji, kiberiti kimoja. Kufikia miaka 18 anajua jinsi shilingi 200 zinavyogawanywa kuvuka siku mbili, anajua ni mwenye duka yupi anayekopesha na ni yupi anayetangaza madeni ya watu. Kijana wa makao hulipwa mshahara wa kwanza na kuumaliza kwa siku nne, kisha hukaripiwa kuwa hana nidhamu. Si nidhamu iliyokosekana. Hakuwahi kushika fedha.

Wako wengine ambao hawakupitia lango la makao yoyote, nao katika mtaa kama Mbotela huenda ndio wengi zaidi. Ni wale waliochukuliwa na nyanya, shangazi, au jirani aliyekuwa rafiki wa marehemu. Malezi haya ya jamaa ndiyo yaliyoiokoa nchi katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii, wakati UKIMWI ulipowaua wazazi wengi, na hayakugharamiwa na serikali ipasavyo. Hayana karatasi. Nyanya anapofariki, nyumba ya kaunti iliyopangishwa kwa jina lake hugombewa na wanawe wa kuzaa, ambao baadhi yao hawakuonekana kwa miaka 10. Mjukuu wa kulea, aliyemwogesha bibi huyo siku zake za mwisho, huambiwa baada ya mazishi kwamba sasa ni mtu mzima, ajitegemee. Hakuna afisa wa watoto aliyewahi kuandika jina lake mahali, hivyo hata takwimu za waliotoka malezini hazitamhesabu. Sheria ya 2022 imeyatambua malezi ya familia za kambo, ulezi, na kafala ya Kiislamu, nalo ni jambo jema, lakini anayelelewa kwa mapatano ya matangani hubaki nje ya mapato hayo yote.

Jina la mtaa wenyewe linastahili kutazamwa kwa makini na kila anayelijadili suala hili. Mbotela uliitwa hivyo kwa kumbukumbu ya Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mnamo Novemba 1952. Ukoo wake ni ule wa Frere Town, Mombasa, ulikotoka pia James Mbotela, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa 1934 kinafahamika kwa kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Frere Town ilianzishwa mwaka wa 1875 na wamishonari wa CMS ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wengi wao walikuwa watoto. Walishuka pwani bila baba, bila kabila linalojulikana, wengine bila hata kukumbuka jina la kijiji chao. Kwa maana hiyo ilikuwa miongoni mwa makao ya kwanza ya watoto katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Misheni ilikuwa na makosa yake, nidhamu ya viboko ikiwa mojawapo, wala haifai kuipamba. Lakini jambo moja lililifanya kundi lile la wasio na kwao kuwa ukoo: waliokua hawakufukuzwa. Walifunzwa ufundi na kusoma, wakapewa mahali pa kujenga na kulima, wakaoana, wakawa na kanisa na makaburi. Mjukuu wao alipoulizwa kwao ni wapi, alikuwa na jibu. Makao ya sasa humsomesha mtoto vizuri kuliko misheni ile, humlisha vizuri zaidi, kisha humnyima lile jibu.

Zipo hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa. Wasimamizi wa makao husema kwamba vitanda ni vichache, na kila anayebaki akiwa na miaka 19 humzuilia nafasi mtoto wa miaka minne. Husema pia kwamba kumweka mtu mzima bwenini pamoja na watoto kuna hatari zake. Yote mawili ni kweli. Lakini kumwendelezea mtu malezi si lazima kuwe kumwendelezea kitanda. Mzazi wa Mbotela naye hana kitanda cha ziada. Ndiyo maana akaunga kibanda cha mabati. Anachokiendeleza ni mlango unaofunguka na sahani inayobakizwa.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa wapenda mageuzi. Mwaka wa 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya hisani, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto, unaolenga kufikia 2032 kuwarejesha watoto kutoka taasisi hadi katika familia na jamii zao. Mageuzi haya ni ya haki, kwa kuwa mtoto hulelewa na watu, wala bweni si mtu. Baadhi husema kwamba tatizo la wanaotoka wakiwa na miaka 18 litajifia lenyewe makao yatakapofungwa. Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Mtoto aliye na miaka 12 mkakati ulipozinduliwa atatimiza 18 mwaka wa 2028, kabla ya muda wa mkakati kwisha. Na yule wa miaka 16 au 17 anayerejeshwa haraka kwa mjomba asiyemkumbuka, katika kijiji ambacho lugha yake haijui, kwa kuwa tu makao yana tarehe ya kutimiza lengo, ametolewa makaoni kama wenzake wa zamani. Tofauti ni kwamba ripoti itamwandika kuwa ameunganishwa na familia. Baada ya miezi mitatu atakuwa Gikomba akibeba mizigo, na jina lake litabaki katika safu ya waliofanikiwa.

Mataifa mengine yameliona hili. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya watoto ya 2005, huruhusu kijana aliye katika malezi mbadala abaki hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 21 ili amalize masomo au mafunzo. Uingereza ilipitisha sheria ya waliotoka malezini mwaka wa 2000, na siku hizi kijana wa huko anaweza kuwa na mshauri wake hadi miaka 25. Huko pia wapo wanaolala barabarani, kwa hiyo nchi hizo zisitajwe kama pepo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala ulitaka matayarisho yaanze mapema kabla ya kuondoka, na ikiwezekana kila kijana atengewe mtu mahususi wa kumwongoza. Kenya ilitoa mwongozo wake mwaka wa 2014. Kwenye karatasi, basi, Kenya haiko nyuma sana.

Hata mahakama zina uwezo. Sheria ya 2001 iliziruhusu kuendeleza wajibu wa mzazi kupita siku ya kutimiza miaka 18 palipo na sababu maalumu, na uwezo huo umo katika sheria ya 2022. Lakini aghalabu umetumiwa kumdai mzazi karo ya chuo. Aliye na baba mkaidi anaweza kumshtaki. Asiye na baba hana wa kumshtaki. Taifa ndilo lililojifanya mzazi wake kwa amri ya mahakama siku alipopelekwa makaoni, na ingekuwa haki amri ya namna hiyo hiyo iliandame taifa hadi mwanawe amalize chuo cha ufundi.

Bunge likisubiriwa, lipo linaloweza kufanyika bila sheria mpya wala mfadhili wa ng'ambo. Faili ya kila mtoto ifunguliwe upya anapotimiza miaka 15, si 18. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe wakati huo, cheti cha kifo cha mzazi kitafutwe, barua ya afisa wa watoto na nakala ya amri ya mahakama ziwekwe pamoja, na chifu wa eneo la makao afahamishwe kwa jina kuwa huyu ni mwenyeji wake. Likizo ya Disemba mtoto alale kwa familia moja ile ile kila mwaka, si kwa wageni wanaobadilika, ili awepo mtu mmoja Mbotela au Machakos ambaye nambari yake ya simu ameihifadhi kichwani. Kaunti ya Nairobi, ambayo ndiyo mwenye nyumba wa Mbotela, inaweza kutenga vyumba vichache kila mtaa kwa vijana wa namna hii kwa kodi ndogo ya miaka mitatu, na kwa jina la kijana mwenyewe. Kisha asubuhi ya kutimiza miaka 18, kabla ya godoro na sufuria, msimamizi wa makao aandamane naye hadi afisi ya usajili, aketi kwenye benchi kando yake, na karani atakapouliza huyu ni wa nani, awe na wa kumjibu.